Povu la Mama Usafi

Katika maabara yetu mgeni alikuwa anakaribishwa kwa sufuria. Siku yake ya kwanza, kabla hajaonyeshwa hata choo kilipo, anasimamishwa mbele ya jiko la umeme, anapewa koleo na burungutu la mifuko ya kuchujia, anaambiwa aichemshe katika maji yenye dawa ya kunasa metali. Mifuko yenyewe ni myembamba na inapitisha mwanga, kama ngozi ya soseji. Unatia protini yako ndani, unafunga fundo huku na huku, unauacha mfuko uelee kwenye ndoo ya maji baridi. Chumvi na vitakataka vinatoroka kupitia vitundu vya mfuko. Protini, kwa ukubwa wake, inabaki. Kuchemsha ni kuondoa uchafu wa kiwandani kabla mfuko haujagusa kitu cha thamani.

Mimi nilichemsha yangu nikiwa mtu mzima, mwalimu wa sekondari niliyeacha chaki ili nisomee shahada ya uzamivu, mbele ya vijana ambao wengine niliwafundisha mwenyewe wakiwa kidato cha pili. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina la Mwalimu walinipa wao siku hiyo, nami sikulikataa, maana kwa hasira nilizonazo ningeweza kupewa jina baya zaidi.

Mwenye sufuria alikuwa msimamizi wangu, profesa ambaye chuo kizima kilimwita Mama Usafi. Alilijua jina hilo na alijifanya halijui. Kwake, chupa iliyooshwa mara moja haijaoshwa. Pete unavua mlangoni. Ukipiga chafya karibu na meza yake unaomba radhi, na radhi yenyewe unaiomba meza. Mifuko ya kuchujia, hata baada ya kuchemshwa, ilihifadhiwa ndani ya maji yale yale ya dawa, kwenye chupa kubwa yenye mfuniko, ili isiguswe na vumbi. Ukiutaka mfuko unauchovya kidogo kwenye maji safi, basi, unautumia. Watu waliosomea kwake kisha wakaenda kufungua maabara zao walikwenda na tabia hiyo kama mtu anavyoondoka kwao na lafudhi.

Usafi huo ulianzia kwenye aibu. Zamani, kabla hajaota mvi, Mama aliwachunguza bakteria wanaogandisha maziwa. Akagundua kwamba wana kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayofoka povu ikigusa damu. Povu lile ni oksijeni inayotoka. Sisi nasi tunavyo vimeng'enya vya kazi hiyo mwilini, ila vyetu vinatumia chuma. Cha bakteria wake hakikuonyesha chuma. Kilikuwa na manganizi, na kila alipopima alizikuta ioni zimekaa mbili mbili, bega kwa bega, ndani ya shimo moja katikati ya protini.

Akaandika. Wakubwa wa fani wakamcheka. Walisema povu lake ni uchafu tu, kwamba kimeng'enya cha chuma kimejipenyeza kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwenye vipimo, kutoka kwenye vyombo ambavyo bibi huyu hakuviosha sawasawa. Mtu mwingine angewatukana. Yeye akaosha. Akaongeza dawa kwenye sufuria, akaongeza maji, akaongeza masharti. Na kadiri alivyozidi kuosha, povu lilizidi kupungua, mpaka likakatika kabisa. Alipokuja kuipata sumu ya kupimia, ile inayoua vimeng'enya vya chuma na kuviacha vingine, hakuwa tena na povu la kulipima.

Aliyepigilia msumari wa mwisho alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Kijana huyo alichukua protini ile ikiwa safi kama machozi, akapima, akakuta manganizi moja, povu hakuna. Akaandika kwamba hicho si kimeng'enya chochote, ni kighala tu cha bakteria kuwekea akiba ya manganizi, moja kwa kila protini. Kwa makala hiyo akapanda vyeo, akahamia chuo chenye majengo ya vioo. Sisi tulimwita Profesa Moja. Mama hakumjibu hata kwa mstari mmoja. Alizidi kuosha.

Basi mimi, kwa ukaidi wangu, nikachagua somo hilo hilo. Nilionywa na kila mtu, Mama mwenyewe akiwa wa kwanza. Lakini nilikuwa nimesoma makala yake ya zamani nikaona kitu. Uchafu hauna nidhamu. Leo mwingi, kesho kidogo. Vipimo vya Mama vilionyesha mbili, tena mbili, tena mbili. Mtu hakosei kwa mtindo mmoja kila mara, na hilo nalijua kwa kusahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka nenda rudi.

Nilitengeneza protini ile mpaka mikono ikachubuka. Kila mara nilipata alichopata Profesa Moja. Manganizi moja, na ukiitilia peroksaidi inakutazama tu. Tasnifu yangu ilikuwa imeshaandikwa kwa matumaini zaidi kuliko ushahidi, na tarehe ya utetezi ilipopangwa, chuo kikamteua mtahini wa nje. Nani? Profesa Moja. Mwenyekiti wa jopo, mzee mmoja mpole wa idara ya fizikia, aliniita ofisini akanieleza kwa upole wake wote kwamba mtahini ameweka sharti.

"Anasema kimeng'enya kionekane mezani kikifanya kazi, kikiwa na manganizi mbili. La sivyo tasnifu isipite."

"Na nikiomba muda?"

"Muda wako umekwisha, Mwalimu. Na msimamizi wako anastaafu muhula huu. Maabara ile inageuzwa chumba cha kompyuta."

Nilitoka pale. Nikianguka mimi, hakuna mwingine wa kuokota jambo lile. Mama angeondoka chuoni akiwa yule mama wa povu la uchafu, basi, na mimi ningerudi kwenye chaki nikiwa na hadithi ya jinsi nilivyokaribia.

Nyumbani mume wangu hakuniuliza. Yeye ni fundi makochi, na anajua uso wa mtu aliyeharibikiwa na kazi. Kulikuwa na kochi la mteja la kupandisha ghorofa ya tatu jioni ile na msaidizi wake hakutokea, akaniambia, "Mama watoto, hasira hizo zisipotee bure. Shika huko." Nikashika. Tulipanda ngazi yeye mbele mimi nyuma, tukigeuza kwenye kona, yeye akisema inua nainua, shusha nashusha. Tulipofika juu mgongo ulikuwa unawaka lakini kichwa kimepoa. Wakati mwingine ndoa ndiyo hiyo.

Kesho yake mchana nilikuwa kwenye sinki naosha vyombo vya jaribio jingine lililokufa. Kando kulikuwa na bilauri ya mchuzi mbichi, yaani bakteria waliosagwa tu, kabla ya kusafishwa kwa namna yoyote. Nikaumwaga. Sinki lilikuwa na mabaki ya peroksaidi, na mchuzi ukafoka povu mpaka ukingoni.

Hilo halikuwa jambo geni. Mchuzi mbichi ulifoka siku zote na sote tulikuwa na jibu lake mdomoni: uchafu. Ila siku ile nilikuwa sina subira na jibu la mtu yeyote. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Kama wewe ni uchafu wa chuma, kufa tuone." Nikachukua mchuzi uliobaki, nikautia kwenye neli mbili za majaribio, moja nikaiongezea ile sumu inayozima vimeng'enya vya chuma, nikaacha ikae, kisha nikatia peroksaidi zote mbili.

Zilifoka sawasawa. Yenye sumu na isiyo na sumu, huwezi kuzitofautisha. Nikarudia kwa kimeng'enya cha chuma tulichonunua dukani, ili nijue kama sumu yenyewe haijachacha. Hicho kilizimika pale pale kama taa.

Nilikaa kwenye stuli. Nikajiambia nisishangilie, maana bado sikuwa na kitu mkononi ila swali. Kimeng'enya hai kipo kwenye mchuzi. Mwisho wa kusafisha hakipo. Kwa hiyo kuna mahali njiani tunakiua, na anayekiua ni mmoja wetu.

Nikaanza safari upya toka mwanzo, hatua kwa hatua, na kila hatua nikichota tone na kulitilia peroksaidi. Baada ya kuondoa maganda ya bakteria: povu. Baada ya kuigandisha protini kwa chumvi na kuiyeyusha tena: povu. Baada ya kuipitisha kwenye bomba la kutenganishia protini: povu zuri, jeupe, na sumu haikuligusa. Kisha nikaitia kwenye mfuko, nikaufunga fundo huku na huku, nikauacha uelee kwenye ndoo ya maji baridi, nikaenda kula. Niliporudi nikachota. Kimya.

Nikaugeuza ule mfuko mkononi, umelainika vizuri, umeiva kwenye dawa ya kunasa metali kama kila mfuko uliowahi kutumika mle ndani, nikacheka hadi vijana wakaja kuniangalia mlangoni. Tulikuwa tunamtuma mwizi alinde nyumba. Dawa iliyojificha ndani ya ngozi ya mfuko ilikuwa inatoka taratibu na kuinasa manganizi. Na kati ya zile mbili, moja imekaa kwa kulegea kidogo, hiyo ndiyo iliyokuwa ikiondoka kwanza. Inabaki mwenzake, peke yake, imeshika mahali pake, haina la kufanya. Ukipima unaikuta. Moja. Profesa Moja hakudanganya mtu; alihesabu vizuri sana mabaki ya wizi.

Nikakata mfuko mwingine moja kwa moja kutoka kwenye burungutu, ambao haujaijua sufuria, nikausuuza kwa maji matupu mpaka mkono ukafa ganzi, nikarudia. Povu. Nikapeleka kiasi kwenye mashine ya kusomea metali jengo la pili. Yule fundi wa mashine, mtu asiyependa maneno, alinipa jibu bila kuinua kichwa: "Mbili." Nikataka kumkumbatia, akasogeza kiti.

Furaha yangu ilidumu mpaka mlango wa ofisi ya Mama. Pale ndipo akili iliponikaa sawa. Nilikuwa naenda kumwambia mwanamke ninayempenda kama mama mzazi kwamba usafi wake, kile kitu alichojivunia, alichokifanya dini, alichokifundisha kizazi baada ya kizazi cha watafiti, ndicho kilichomwibia ukweli wake. Nilisimama na ngumi yangu hewani bila kubisha.

"Ingia, Mwalimu. Nakusikia unavyopumua."

Nikaingia, nikamweleza. Sikumzungusha. Nilimwambia kuhusu mchuzi, sumu, hatua moja moja, mfuko, sufuria. Nilimwekea mezani namba za mashine. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kucha zake fupi zimesuguliwa kama za daktari wa upasuaji, na nilipomaliza akazisoma zile namba moja moja, mimi nikihesabu vitabu kwenye rafu yake.

"Umerudia?"

"Nimerudia, Mama. Mfuko wa sufuria, kimya. Mfuko mpya, povu. Kila mara."

"Kwa hiyo mwanzoni nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi."

"Na nikajisafisha mpaka nikawa mwongo." Alivua miwani. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kidogo cha puani ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Halafu kikaisha, akaniangalia kwa jicho kavu. "Siku ya utetezi utayasema haya?"

"Nisipoyasema sina tasnifu. Lakini nikiyasema, Mama, watu watajua kwamba..."

"Watajua kwamba nilikosea. Waache wajue. Nilivyochekwa kwa kosa ambalo sikulifanya, nitashindwaje kuchekwa kwa nililolifanya?" Akavaa miwani yake. "Ila fanya jambo moja. Usinitetee. Ukianza kunitetea utaonekana unaficha kitu. Sema sufuria, sema ni ya nani, endelea."

Ukumbi wa utetezi ulikuwa ule wa mihadhara midogo, wenye viti vinavyolia ukikaa na kipaza sauti kinachopiga mluzi. Vijana wa maabara walijaa safu za kati. Mume wangu alikaa nyuma kabisa, amevaa tai iliyomkaba, na kila nikimtazama ananipungia kidole gumba kama mtu anayeelekeza gari lirudi nyuma. Mama alikaa mbele. Profesa Moja aliingia na koti zuri na kijitanki cha barafu, akakiweka mezani taratibu. Alikuwa amebeba protini yake mwenyewe kutoka kwenye maabara yake ya vioo. Alisema ameileta ili jopo lione kwa macho yao kwamba protini ikisafishwa sawasawa haifoki.

Mwenyekiti akaniomba kwanza nieleze kwa nini ziwe mbili, kwa lugha ambayo hata mtu wa fizikia ataielewa. Vijana wakacheka. Nikamwambia, "Mwenyekiti, umewahi kupandisha kochi ghorofani?"

Akasema amewahi.

"Peke yako?"

"Siwezi peke yangu."

"Basi ndiyo hivyo. Peroksaidi ikiingia kwenye lile shimo, ili ivunjike inahitaji elektroni mbili kwa mpigo. Ioni moja ya manganizi inatoa moja kwa raha zake, ya pili haitoi. Mtu mmoja anaweza kushika ncha moja ya kochi mpaka jioni na lisipande hata ngazi moja. Zikiwa mbili, kila moja inatoa elektroni yake kwa pamoja, peroksaidi inavunjika kuwa maji. Halafu inakuja peroksaidi ya pili, inazirudishia ioni elektroni zao, yenyewe inatoka kama oksijeni. Hilo ndilo povu. Zinapokea, zinatoa, zinapokea, zinatoa, haraka kuliko ninavyoongea. Na katikati yao kuna oksijeni inayoziunganisha, ndiyo maana zinakwenda sambamba."

Nikaona nyuma kule mume wangu amemgeukia jirani yake kumwambia jambo, na kwa kifua kile alichokitoa nilijua anasema kochi lenyewe lilikuwa kazi yake.

"Maelezo mazuri," Profesa Moja akasema. "Tuone povu."

Nikatia peroksaidi kwenye neli yangu. Likapanda.

"Uchafu wa chuma," akasema, bila hata kukaa vizuri.

Nikaweka sumu kwenye neli nyingine ya protini yangu, na kwenye neli ya kimeng'enya cha chuma, nikasubiri, nikatia peroksaidi zote mbili. Ya chuma ilinyamaza. Yangu ilifoka. Ukumbi ukanong'ona.

Hapo Profesa Moja aliinama mbele. Alikuwa mtu wa sayansi kweli, hilo nampa; swali lake lililofuata lilikuwa swali zuri. "Ya kwako ina mbili na inafoka. Ya kwangu ina moja na haifoki. Labda ni protini mbili tofauti. Labda ulichonacho wewe kimetoka kwa bakteria wengine kabisa."

Nikasema, "Profesa, mifuko yako ya kuchujia unaiandaaje?"

Watu wakadhani nimechanganyikiwa. Yeye alikunja uso, halafu macho yake yakaenda yenyewe kwenye safu ya mbele. "Naichemsha kwenye dawa ya kunasa na kuihifadhi humo. Kama nilivyofundishwa."

Niliahidi kutomtetea, na sikuwa nimefungua mdomo, lakini Mama alikuwa ameshasimama. Hakushika kipaza sauti. "Nilikufundisha vibaya," akamwambia. "Sufuria ilikuwa yangu na dawa nilipima mimi. Mfuko ulikuwa unaiba manganizi moja na kukuachia moja. Ulihesabu kilichobaki, na ulikihesabu sawasawa, kwa sababu kuhesabu nilikufundisha vizuri." Akakaa. Kiti kikalia. Hakuna aliyecheka.

Nikamwomba Profesa Moja chupa yake. Akanipa. Nikatia tone la protini yake kwenye neli, nikatia peroksaidi: kimya, kama alivyosema. Nikachukua neli nyingine ya protini ile ile, nikaiongezea manganizi, zaidi ya ile ambayo dawa iliyojificha ingeweza kuinasa, nikaiweka kwenye maji ya moto wa wastani ipate joto na zile ioni zipate kuingia mahali pake.

"Manganizi peke yake inaweza kufoka," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ndiyo maana hii hapa." Nilimwonyesha neli ya tatu, maji na manganizi bila protini. Nikaitilia peroksaidi. Maji yalibaki maji.

Basi tukasubiri. Sijawahi kuona ukumbi mzima ukiitazama neli moja. Ndani yake kulikuwa na miaka yote ya yule mama kuosha, na yangu ya kukaidi, na ya yule bwana kupanda vyeo, na yote yalikuwa yanapata joto taratibu kwenye bakuli la maji. Niliogopa. Niseme wazi, niliogopa kuliko siku ya kujifungua. Jaribio lile nililifanya mara nyingi kwa protini yangu, lakini kwa yake sikuwahi, na sikujua alikuwa ameitesa kiasi gani.

Nilipoinua kidondoshi cha peroksaidi, Profesa Moja alinishika mkono. "Niruhusu," akasema.

Nikampa. Kama ingefoka mikononi mwangu angeweza kulala na mashaka usiku ule; mikononi mwake asingeweza. Akasimama, akavuta peroksaidi, akadondosha tone la kwanza kwa uangalifu wa mtu aliyefundwa vizuri.

Povu likapanda. Halikusita wala halikujifikiria, lilipanda hadi kwenye mdomo wa neli, likamwagika kwenye vidole vyake, likaingia kwenye mkono wa lile koti zuri, na bado likawa linakuja. Vijana wa safu za kati waliinuka kama watu waliofunga goli. Mume wangu alikuwa amesimama juu ya kiti. Mimi nilikuwa nalia na sikuona haya, machozi yakinidondokea juu ya meza ambayo Mama Usafi alikuwa akiitazama.

Profesa Moja hakujifuta. Aliitazama neli, akaitazama ile nyingine iliyonyamaza, protini ile ile, ya kwake mwenyewe. Kisha akatoka nyuma ya meza ya jopo akaenda hadi safu ya mbele akiwa ameishika vile vile, ikimtiririkia.

"Mbili, Mama," akasema. "Zilikuwa mbili tangu mwanzo."

Mama akanyoosha kidole, mkono mtupu, bila glavu, bila kuoshwa, akakiingiza ndani ya povu.

Mwenyekiti alijaribu kusema kwamba kwa utaratibu jopo linapaswa kutoka nje likajadiliane. Akawaangalia wenzake, akaona hakuna anayeinuka, akagonga meza kidogo ili watu wanyamaze. "Daktari," akasema, "unaweza kukaa sasa." Nilibaki nimesimama, maana sikujua kwamba anazungumza na mimi.